Ndama hajawahi kuchomwa sindano, E. coli wake ni sugu kwa tetrasaiklini

LabMifugo
Wakuu, habari za kazi. Tunapima kinyesi cha ng'ombe wa maziwa wasio wagonjwa kwa wafugaji wadogo wa Meru, Arusha. Tunaotesha kwenye MacConkey ya kawaida (agari ya kuoteshea bakteria wa utumbo), tunachukua koloni moja ya waridi, tukithibitisha ni E. coli, bakteria wa utumbo, tunaweka diski zenye antibiotiki. E. coli wa ndama wa wiki mbili tatu wana usugu zaidi kwa antibiotiki ya tetrasaiklini kuliko wa mama zao, na hakuna ndama aliyetibiwa. Halafu sefotaksimi, antibiotiki nyingine, inaua karibu wote, ilhali tulitegemea kukuta ESBL (bakteria wenye vimeng'enya vinavyovunja dawa kama sefotaksimi). Tatizo liko wapi?

DaktariZizi
Anzia kwenye ndoo, mkuu. Ng'ombe akitibiwa kiwele, yale maziwa ya siku za kusubiri dawa itoke anakunywa nani? Kuuza hairuhusiwi, kuyamwaga kunauma, basi anapewa ndama. Dawa iliyomo ni kidogo, haitibu kitu, ila inatosha kuwabana bakteria wasio sugu na kuwaachia sugu nafasi. Kuyachemsha kunaua bakteria. Dawa haiishi yote.

Hata asiyepewa maziwa hayo huambukizwa kwa kulamba sakafu na vyombo. Na jeni za usugu wa tetrasaiklini mara nyingi hukaa kwenye plasmidi moja (kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana) na za streptomaisini na salfa, kwa hiyo pen-strep (penisilini na streptomaisini) nayo inaulinda usugu huo. Ndama akikua, kwa kawaida usugu hushuka. Andikeni umri wa kila mnyama, msiwachanganye na wakubwa kwenye wastani mmoja!

BenchiLaMaabara
Kwenye sefotaksimi sioni kosa. Koloni moja kutoka sahani isiyo na dawa inakuonyesha bakteria walio wengi. ESBL akiwa mmoja kati ya maelfu humwokoti. Mtafute hivi: gramu 1 ya kinyesi kwenye mililita 9 za maji ya peptoni yenye bafa, 37 °C usiku kucha, kisha mchoro wa lupu kwenye MacConkey yenye sefotaksimi miligramu 1 kwa lita. Agari ishuke hadi kama 50 °C ndipo utie dawa, vinginevyo joto linaiharibu. Kila ukimimina, jaribu na ATCC 25922 (E. coli ya kulinganishia, isiyo sugu), isiote. Na ESBL inayojulikana, iote. Majibu ya sahani hii yanasema ng'ombe wangapi wanabeba, hayasemi asilimia ngapi ya E. coli ni sugu. Ripoti nyingi zinachanganya hapa.

Kagueni diski pia. Agari iwe na kina cha milimita 4. Ikizidi, duara lisilo na bakteria kuzunguka diski linasinyaa na mnaandika usugu usiokuwepo. ATCC 25922 kwa diski ya tetrasaiklini ya mikrogramu 30 itoe duara la milimita 18 hadi 25. Ikitoka nje ya hapo, msisome sahani za siku hiyo.

LabMifugo
Asanteni sana. Tukimkuta anayebeba ESBL, atibiwe?

DaktariZizi
Hapana. Haumwi, na antibiotiki itawaongezea hao hao nafasi. Mfugaji achemshe maziwa ya kunywa, anawe mikono baada ya kukamua, na samadi mbichi isiguse bustani ya mboga.