Naomba ushauri: nataka kumpeleka mama Edinburgh Castle, magoti yanamsumbua

MtotoWaMwalimu

Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mama yangu amefika wiki iliyopita kutoka Lindi. Atakaa nami hapa Newcastle mpaka mwisho wa Septemba. Ana miaka 71, mwalimu mstaafu wa historia, na enzi zake alikuwa akiwavusha wanafunzi kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu ya jumba la kifalme la Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu. Tangu nihamie huku, hatujamaliza simu hata moja bila kuniuliza: "Hizo ngome zao za kale umeshaziona?" Sijaona hata moja. Sasa nimemwahidi ngome ya Edinburgh, huko Uskochi, maana kwa treni ni saa moja na nusu tu.

Tatizo ni magoti. Anatembea na mkongojo. Kwenye tambarare anakwenda robo saa bila kupumzika, mlima hawezi, na mteremko unamuumiza kuliko mlima. Presha pia anayo, anameza dawa kila siku. Nikiangalia picha naona ngome imekaa juu ya jabali, na njia yote ni mawe yaliyopangwa. Juu ya hayo nitakuwa na mwanangu wa miaka 4.

Je, kuna namna ya kumfikisha juu bila kumtembeza? Vyoo na pa kukaa vikoje? Chakula halali na sehemu ya kuswali adhuhuri tutapata wapi? Twende mwezi gani? Naogopa asije akachokea njiani, siku nzima akabaki kwenye benchi anatusubiri wakati safari ni yake.

Dereva_Leith

Karibu sana kaka, na mama apokee shikamoo yangu. Naendesha teksi mji huu mwaka wa tisa sasa, na wazee kama mama nimewapeleka pale mara nyingi.

La kwanza: usimpandishe kwa miguu. Toka getini mpaka kileleni njia inazunguka jabali, kali, na yale mawe yakilowa yanateleza. Kuna gari dogo la bure la wenye shida ya kutembea, linawachukua chini na kuwashusha Crown Square, ule uwanja wa juu kabisa. Ukifika tu, mwambie mhudumu wa tiketi kwamba una mzee asiyeweza mlima. Usione haya na usingoje waone mkongojo. Nafasi ni chache, kwa hiyo wahini asubuhi. Milango inafunguliwa saa tatu na nusu.

La pili: Agosti msije. Mji unafurika watu wa tamasha, na ule uwanja wa mbele ya lango unajengewa majukwaa ya Tattoo, yale maonyesho ya bendi za kijeshi. Septemba, katikati ya wiki, ndiyo nzuri. Tiketi kata mtandaoni mapema, zinauzwa kwa saa maalumu ya kuingia. Wazee wana bei yao ya chini.

Stesheni ya Waverley haiko mbali na ngome, lakini kwa mama huo ni mlima mtupu. Chukueni teksi nyeusi, zinaingiza hata kiti cha magurudumu.

NesiUghaibuni

Hakuna aliyemtajia mzinga! Kila siku saa saba kamili mchana wanafyatua mzinga, isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi. Ulianza 1861 ili meli zilizokuwa bandari ya Leith na kwenye ghuba ya Forth zirekebishe saa zao. Mlio wake si mchezo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache nikausikia kifuani kabla ya masikioni, na mtoto aliyekuwa jirani yangu alilia mpaka tukaondoka. Kwa mtu wa presha, na mtoto wa miaka 4, nakushauri uende Jumapili.

Dawa zake zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na koti zito msisahau. Huko juu upepo haupoi hata jua likiwaka.

MtotoWaMwalimu

Ahsanteni sana. Hilo la mzinga nisingelijua. Basi iwe Jumapili.

Mzee_wa_Magofu

Mwanangu, kabla hujapanga Jumapili, umemuuliza mama? Mtu aliyefundisha historia maisha yake yote huenda mzinga ndio kitu anachotaka kuukumbuka. Mweleze mapema, mkae mbali nao, saa saba kasorobo mwambie ajiandae. Kinachoudhi ni kushtukizwa. Mlio unaoungoja ni jambo jingine.

Nikiwa na wewe ningeanzia juu na kubaki juu. Watu wengi huanza chini, wakifika kwenye mambo yenyewe miguu imekwisha. Pale Crown Square kuna ukumbi mkubwa uliokamilika 1511, dari yake ya mbao akaiangalie akiwa amekaa. Upande wa pili ni jumba la kifalme, kuna kichumba ambamo Malkia Mary wa Uskochi alimzaa James, aliyekuja kuwa mfalme, mwaka 1566. Taji la wafalme wa Uskochi, lile lililofanyiwa ukarabati 1540, liko jumba hilo hilo. Ulizieni kwa wahudumu njia isiyo na ngazi kabla ya kuanza kupanda, na simu mzitie mfukoni, picha haziruhusiwi. Jiwe la kutawazia wafalme msilitafute hapo, lilihamishiwa makumbusho ya Perth mwaka 2024.

Halafu mpeleke kwenye kanisa la Mtakatifu Margaret. Ni dogo sana, ukiwa nje waweza kulipita usilione. Lakini ndilo jengo la zamani kuliko yote katika mji ule, la miaka ya 1130 hivi. Mfalme David I alilijenga kwa kumkumbuka mama yake, Malkia Margaret, aliyefia ngomeni 1093. Nje yake kuna Mons Meg, mzinga wa 1449 wenye tani zaidi ya 6, uliokuwa ukirusha mawe ya kilo 150. Wa mtoto huo, atautazama weee.

Mkishuka msipite zile Lang Stairs. Ni ngazi 70. Rudini na gari.

MamaPacha_Glasgow

Kwa nini msiende Stirling? Unaegesha gari karibu na lango, watu si wengi kama Edinburgh, na mama haangaiki na treni wala teksi. Sisi tulimpeleka mama mkwe akafurahi sana.

Dereva_Leith

Dada, Stirling ni nzuri, ila nako ni juu ya jabali na mawe ni yale yale. Kama kaka anakuja na gari lake, sawa. Kwa treni kutoka Newcastle, Edinburgh haina mpinzani.

Na nilisahau chakula. Ngomeni kuna mgahawa wa Redcoat, vyoo viko jirani, na kule juu Crown Square kuna chumba cha chai. Chai na keki vinatosha pale. Mlo wenyewe kaleni Mosque Kitchen, Nicolson Square, biriani na mchuzi wa kondoo, hatua chache kutoka Msikiti Mkuu ulioko Potterrow. Adhuhuri mwezi wa Septemba inaingia dakika chache baada ya mzinga na alasiri iko mbali, hamna haja ya kukimbizana. Mama akiwa bado na nguvu, makumbusho ya taifa yako Chambers Street, karibu na msikiti. Bure, na lifti zipo.

BintiTanga

Kigari cha kusukuma mtoto kiacheni nyumbani. Kwenye yale mawe magurudumu yanagoma, utaishia kukibeba pamoja na mtoto.

MtotoWaMwalimu

Narudisha majibu kama mlivyonisaidia. Tumekwenda Jumanne ya wiki iliyopita. Mama nilimuuliza, akasema Jumapili haendi, mzinga anautaka.

Gari tulilipata ndani ya dakika kumi. Dereva alishuka akamshika mkono mama mpaka ameketi. Saa saba tulikuwa chumba cha chai, mwanangu kaziba masikio kwa viganja. Ulipolia vikombe vilitetemeka, mama akacheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu baba afariki.

Kanisani alikaa muda mrefu. Upinde wa ndani umechongwa zigizaga, akapitisha kidole juu ya kibao cha maelezo nje, neno kwa neno, kama anasahihisha madaftari. Nikamsomea habari za 1314: watu 30 hivi wa Robert Bruce, mfalme wa Uskochi, walikwea jabali usiku wakaiteka ngome, kisha Bruce akaibomoa Waingereza wasije wakaitumia tena, na inasemekana kanisa hili aliliacha. Mama akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi miaka hiyo hiyo wao wanabomoa, kule Kilwa Sultani Hasan bin Sulaiman anajenga Husuni Kubwa."

Mzee wa Magofu, mama alipojua nani kajengewa lile kanisa, alinigeukia akaniuliza mimi nitamjengea nini. Nimemjibu choo cha kukaa kule Lindi, magoti yake yapumzike. Fundi ameanza jana.