Tupeane uzoefu: shotigani za zamani za mitutu miwili, kwa sisi wawindaji wa kanga na kwale wa Kusini

Kanga wa Mnero

Wadau wa Lindi na Mtwara, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya zile shotigani za mitutu miwili za babu na wajomba zetu, ambazo mpaka leo ndizo zinazotupatia kitoweo cha kanga na kwale. Sizungumzii bunduki za watalii wanaokwenda Liwale na masanduku ya ngozi. Nazungumzia ile ambayo kitako kimezungushiwa waya, mitutu imepauka weusi wote, na bado ukiifunga inalia "tap" moja, imetulia.

Naanza na yangu. Babu mzaa mama alikuwa dereva wa trekta kwenye Mradi wa Karanga hapa Nachingwea. Mradi ulianza 1947, na 1951 Waingereza wakautupa mkono. Fundi mitambo mmoja wa kizungu aliyekuwa anarudi kwao akamuuzia babu shotigani yake, BSA geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), iliyotengenezwa Birmingham. Mashamba mengi yalirudi pori, reli ya Nachingwea iling'olewa, bunduki ipo. Ilikwenda kwa mjomba, na mjomba alipozeeka tukafuata taratibu, ikaandikwa kwa jina langu.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa naiumiza bunduki ile bila kujua. Nilinunua risasi za kawaida za dukani, za milimita 70. Zilikuwa zinaingia vizuri kabisa, zinalia, kanga anaanguka. Ila bega lilikuwa linavimba, na mbao ya kitako ikaanza ufa mwembamba pale inapokutana na chuma. Nikadhani ni uzee tu.

Nilipokwenda Dar es Salaam nikaipeleka kwa fundi mwenye leseni. Hakuishika bunduki kwanza. Aliniomba ganda lililokwishapigwa. Akaniwekea rula mezani: risasi nzima, ambayo haijapigwa, milimita 58 tu, kwa sababu mdomo wake umekunjwa ndani. Ganda lililopigwa, mdomo umefunguka, milimita 70. Halafu akapima chemba ya bunduki yangu, yaani pale risasi inapokaa: 65. Yaani risasi inaingia ikiwa imejikunja, ila ikilipuka mdomo hauna mahali pa kufungukia, unafungukia kwenye njia ya marisau yenyewe, vile vipunje vinavyompiga ndege. Presha inapanda kila mlio. Akanionyesha mdomo wa ganda langu: umechanika kama ukindu uliotafunwa na mbuzi, na ncha zimeungua nyeusi. Ilikuwa mbele ya macho yangu miaka mitatu, maganda nawapa watoto wachezee.

Sasa natumia za milimita 65 tu, za baruti nyepesi. Ni shida kuzipata, naagiza mapema kabla ya msimu. Ufa umegundishwa na haujaongezeka.

Karibuni. Ya kwako umeipataje, imekusumbua nini, unaitunzaje?

Pwani Mikindani

Asante kaka. Yangu ni Baikal, IZh-58, Mrusi wa kiwanda cha Izhevsk. Niliinunua kwa mstaafu mmoja wa bandarini, uhamisho ukapita polisi kama inavyotakiwa. Nililipa bei ya pikipiki iliyotumika. Pikipiki ingekuwa imeshauzwa chuma chakavu zamani.

Adui yangu mimi ni bahari. Nyumba iko hatua mia mbili kutoka majini, na upepo wa kusi ukivuma chumvi inaingia hata kabatini. Kosa langu lilikuwa mafuta ya nazi. Huku kwetu mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu, nikaona yanang'arisha chuma nikawa napaka kila kona. Baada ya mwaka mmoja triga ya nyuma ikawa inarudi polepole kama mgonjwa. Fundi alipofungua ndani tukakuta utomvu wa kahawia, mzito kama gundi ya papai, umeshika springi zote. Mafuta ya kula yanaganda, ndugu zangu. Tumieni mafuta mepesi ya madini, hata ya cherehani yanafaa, tone moja moja. Na ihifadhini mitutu ikiangalia chini, mafuta yasishuke kwenye mbao. Mbao ikilowa mafuta inalainika kama muhogo ulioloweka.

Mama Karanga Nanyumbu

Naomba nichangie ingawa mimi ni mwanamke na wengi hamjazoea kutusikia kwenye haya mambo.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Bunduki yake ni Webley & Scott, ameimiliki tangu mimi sijazaliwa. Sisi ni watoto wa kike watupu, akatufundisha wote kubeba ikiwa imekunjwa, yaani imefunguliwa katikati, maganda mfukoni. Alipofariki, watu wa ukoo walitaka ipelekwe kwa binamu "kwa sababu ni kitu cha wanaume". Mama akakataa, akasema silaha ya marehemu hairithiwi kama jembe. Siku ya nne baada ya mazishi tukaikabidhi polisi na kitabu chake cha umiliki, tukapewa hati ya mapokezi. Ile karatasi niliiweka pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Halafu ikaanza safari. Muhtasari wa kikao cha ukoo, mirathi mahakamani, barua ya kijiji, kata, kamati ya usalama ya wilaya, ya mkoa, ndipo kwa msajili wa silaha. Sitadanganya, nilichoka. Miezi kumi na minne. Kuna ofisi nilizoulizwa mara tatu kama nina mume. Na nilipoipata, mitutu ndani ilikuwa na kutu nyekundu, maana ilipohifadhiwa hakuna aliyeifuta hata mara moja. Nililia pale pale kaunta. Baba alikuwa anaifuta kila jioni aliyotoka nayo, hata kama hajapiga.

Lakini sasa iko kwa jina langu. Nina ekari sita za karanga na mbaazi kule Michiga, na kanga wakiingia asubuhi wanafukua mstari mzima wa mbegu kama wamepewa kibarua. Kila msimu nachukua leseni kwa afisa wanyamapori. Nasema hivi kwa sababu wengi mnadhani ndege wa shambani kwako ni wako. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haitofautishi shamba na pori, kanga ni mnyamapori popote alipo.

Kitangari Juu

Pole sana dada, na hongera. Mimi nina TOZ-66 ya Tula, ile yenye nyundo mbili za nje. Watu wanaicheka eti ya vita vya Majimaji. Mimi naipenda kwa jambo moja: nikimtazama mtu aliyeishika, naona kwa macho kama nyundo zimeshapandishwa au bado. Haifichi kitu.

Ninalotaka kusimulia ni nyigu. Tulikuwa tunaitundika ukutani juu ya kitanda cha mzee, ndani ya kufuli la mnyororo. Msimu mmoja ilikaa miezi miwili bila kuguswa. Mzee alikuwa na desturi: kabla ya kutia risasi anaikunja, anainua mitutu kwenye mwanga, anachungulia kama anayesoma barua. Siku hiyo akachungulia, akanyamaza. Akanipa nami nichungulie. Mtutu wa kulia ulikuwa na duara la mwanga. Wa kushoto, giza. Tukapitisha fimbo, ukatoka udongo mkavu, vipande vitano, na ndani yake buibui waliokauka na funza wa nyigu. Nyigu wa udongo alikuwa ameshajenga nyumba humo.

Angefyatua, mtutu ungepasuka pale pale mkono wa kushoto unaposhika. Tangu siku hiyo sijawahi kutia risasi kabla ya kuangalia mwanga, hata kama nimeshachungulia saa moja iliyopita.

Dogo wa Ruangwa

Wakuu, kuna mzee anauza geji 16 ya Kibelgiji, ina mhuri wa ELG. Nzuri sana, nyepesi. Bei imepoa. Nichukue?

Kanga wa Mnero

Mdogo wangu, ELG ni mhuri wa majaribio wa Liège, Ubelgiji, maana yake mitutu ilijaribiwa. Hiyo ni heri. Lakini jiulize risasi za geji 16 utazitoa wapi. Huku Kusini geji 12 yenyewe tunaisubiri. Pengine bei imepoa kwa sababu hiyo.

Ukienda kuiona, omba uhakikishe haina risasi, kisha fanya haya mbele yake. Toa ile mbao ya mbele, shika kitako, tikisa taratibu. Ikigonga-gonga pale inapofungia, imechoka, na kuirudisha ni kazi ya fundi wa kweli. Halafu toa mitutu, itundike kwenye kidole kwa ile ndoano ya chini, igonge kwa ukucha. Mitutu mizima inalia kama kengele, mlio unakaa. Ikilia "tuk" kama kibuyu chenye ufa, lehemu iliyounganisha mitutu na ule utepe wa katikati imeachia. Ukiona mitutu ina michoro ya mawimbi-mawimbi kwenye chuma chenyewe, hiyo ni ya kusokotwa, ya enzi za baruti nyeusi. Usiipige kwa risasi za leo.

Na namba ya kwenye chuma isomeke, ifanane na ya kitabuni tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka hata chai usimalize.

Mzee wa Kilimarondo

Wanangu, nimewasoma wote. Nimekuwa askari wanyamapori muda mrefu, sasa nimepumzika.

Mnazungumza sana chuma, niongeze na macho. Bunduki hizi nyingi zina triga mbili. Ya mbele ni mtutu wa kulia, mdomo wake mpana, marisau yanatawanyika mapema. Ya nyuma ni wa kushoto, mdomo umebanwa, yanakwenda yamekusanyika. Kwale anaruka karibu na mguu wako, tumia wa kulia. Kanga aliyekwisha kupata umbali, wa kushoto. Uzuri wa mitutu miwili ni huo, unachagua kwa kidole bila kufikiri. Lakini zaidi ya hatua thelathini na tano muache aende. Kanga aliyejeruhiwa anakimbia vichakani na kufia huko, amepotea kwako na kwa wengine.

Na msimpige kanga kundi likiwa limejipanga chini linakunywa maji. Najua inashawishi, mlio mmoja ndege watano. Nimeona mabwawa ya huku yakinyamaza kwa sababu hiyo. Mngoje aruke, chagua mmoja, na leseni yako ikisema idadi fulani, hesabu.

Pwani Mikindani

Shikamoo mzee. Nimejifunza.

Fundi Mstaafu Masasi

Marahaba kwa wote wanaonisalimu. Nitaongea la pini, maana hili limenigusa mwilini.

Pini ya kupigia ya bunduki yangu ilikatika katikati ya msimu. Nikaona Dar ni mbali, nikampa fundi mmoja wa baiskeli anichongee kutoka kwenye spoku. Ikafanya kazi risasi nne. Ya tano ikatoboa kitako cha risasi, kwa sababu ncha ilikuwa kali na ndefu kupita kiasi. Moshi wa moto ulirudi nyuma kupitia kitundu cha pini, ukanipiga chini ya jicho la kulia. Mpaka leo nina vidoa vyeusi vitatu hapo, wajukuu wananiuliza babu ulichanjwa nini.

Ncha ya pini inatakiwa iwe mviringo kama kichwa cha kiberiti, na urefu wake unapimwa. Fundi wa baiskeli hakuwa na kosa, nilimpa kazi isiyo yake. Na kisheria pia, silaha inatengenezwa na mwenye leseni ya kazi hiyo.

Mama Karanga Nanyumbu

Kaka wa Mnero, nina swali. Hizo alama za chemba zinaandikwa wapi? Yangu sijawahi kutazama chini ya mitutu.

Kanga wa Mnero

Dada, itoe mitutu, igeuze. Pale chini, kwenye sehemu bapa karibu na chemba, kuna mihuri midogo. Kwa za Uingereza zilizojaribiwa kuanzia 1954, urefu wa chemba umeandikwa kwa inchi na presha kwa tani. Ukiona 2½ na 3 TONS, hiyo ni fupi kama yangu, milimita 65. Ukiona 2¾ na 3¼, basi ni 70, huna wasiwasi. Pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, uchafu wa miaka huwa unaziba maandishi. Ila kumbuka kuna watu waliozichonga chemba baadaye, kwa hiyo fundi apime pia.

Mama Karanga Nanyumbu

Nimetoka kuangalia sasa hivi, na tochi ya simu. 2½. 3 TONS.

Boksi nililonalo limeandikwa 70. Nimetoa maganda ya msimu uliopita kwenye kopo, yote midomo imechanika kama ulivyosema, na mimi nilikuwa nayahifadhi kwa ajili ya ukumbusho wa baba.

Nimeifuta, nimeifunga kabatini. Jumamosi nilikuwa niingie shambani nayo alfajiri, siendi. Nitawatuma watoto na madebe wakapige kelele, kanga watakula watakachokula wiki hii. Mwenye duka linalouza za 65 hapa Mtwara au Lindi naomba aniambie.