Stendi ya kuchajia inawaka kijani, betri haina chaji

Swali: Kidhibiti kimoja cha Xbox (mashine ya michezo ya video) kikikaa kwenye stendi, taa ya kijani ya kuonyesha imejaa inawaka papo hapo ilhali betri imeisha. Shida nini wakuu?

Jibu: Mara nyingi hapo umeme haufiki kwenye betri. Futa vile vibati vya stendi na vya mgongoni mwa betri kwa pamba yenye spiriti, viache vikauke. Bado? Badilisha betri na ya kidhibiti cha pili. Tatizo likihama nayo, betri imekufa.

Jibu: Bonyeza kifuniko cha betri pia. Kikiinuka kidogo tu, vibati havigusani.

Jibu: Na waya wa stendi umechomeka wapi? Konsoli (Xbox yenyewe) ikizimwa kabisa, USB yake hukata umeme. Tumia adapta ya volti 5.