MJADALA: Watoto wasioumwa nao wagawiwe azithromaisini?

Mleta Mada
Wadau, hoja ni hii. Jaribio la MORDOR lilifanyika Niger, Malawi na wilaya ya Kilosa, Tanzania, kati ya 2014 na 2017. Watoto wa mwezi 1 hadi 59, wazima kwa wagonjwa, walipewa dozi moja ya azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, kila miezi sita. Jamii nyingine zikapewa dawa bandia. Matokeo yaliyotoka 2018 yalionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 13.5. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa mwongozo: isigawiwe kila mahali, ifikiriwe tu kwa wenye miezi 1 hadi 11, na ni pale ambapo vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vinazidi 60 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai, au vya chini ya miaka mitano vinazidi 80. Kwangu mimi mwongozo huo umebana mno. Dawa ya kunywa mara mbili kwa mwaka inaokoa roho, nasi tunaifungia kabatini kwa kuogopa usugu, yaani bakteria kutosikia dawa tena. Karibuni.

Mpiga Hesabu
Hiyo 13.5 ni wastani, na wastani unaficha mambo. Tuchukue watoto 1,000 kwa mwaka mmoja. Niger vifo vilitoka 27.5 (dawa bandia) hadi 22.5 (azithromaisini). Malawi 9.6 hadi 9.1. Kilosa 5.5 hadi 5.4. Kwa hiyo Niger unagawia watoto 200 mwaka mzima, dozi 400, unaokoa mmoja. Malawi unahitaji kama 2,000. Kilosa hesabu inakimbilia 10,000, na hata hiyo siisimamii, kwa sababu tofauti ndogo kiasi hicho huwezi kuitenganisha na bahati.

Ila msikimbilie kusema "Tanzania haikufaa". Jaribio halikupangwa lipime kila nchi peke yake, na walipopima kama nchi zinatofautiana kweli, ushahidi wa kutosha haukupatikana. Tulicho nacho ni kwamba pale vifo vilipokuwa vichache, cha kuokoa nacho kilikuwa kidogo.

Daktari wa Watoto
Tuulize kwanza dawa inafanya nini mwilini mwa mtoto asiyeumwa. Azithromaisini hukaa sana: kiwango chake huchukua takriban saa 68 kupungua nusu, na hujikusanya ndani ya tishu kuliko kwenye damu. Dozi moja hufanya kazi siku kadhaa. Inapiga bakteria wa nimonia, inapiga baadhi ya wale wa kuhara kama Shigella na Campylobacter, na ina nguvu kidogo dhidi ya malaria. Kijiji ambacho watoto hufa kwa hayo matatu kitaona faida.

Sasa angalieni upande wa pili, maana huwa hautajwi. Jaribio la Toto Bora, magharibi mwa Kenya, liliwapa azithromaisini ya siku tano watoto waliokuwa wanaruhusiwa kutoka wodini, kundi ambalo hufa sana miezi michache baadaye. Vifo na kulazwa tena havikupungua. Jaribio la ABCD likawapa dozi ya siku tatu watoto zaidi ya 8,000 wenye kuhara maji maji waliokuwa wamepungukiwa maji au wenye utapiamlo, katika nchi saba zikiwemo Kenya na Tanzania. Vifo havikupungua. Burkina Faso na Mali waliiongeza kwenye dawa za kukinga malaria za msimu wa mvua: vifo na kulazwa vikabaki vilevile. Ukiniuliza, hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Huenda kinga ya malaria ilishachukua sehemu ya vifo ambavyo azithromaisini ingezuia, lakini hayo ni maelezo ya kukisia.

Kwa hiyo, Mleta Mada, "inaokoa roho" bila kusema roho ya nani na wapi si sentensi ya kitabibu.

Maabara
Niongeze la usugu, kwa namba. Niger, baada ya miezi 24 ya ugawaji, pneumokoka (bakteria wa nimonia) waliochukuliwa puani na kooni wenye usugu kwa kundi hili la dawa walikuwa asilimia 12.3 kwenye jamii zilizopata dawa, na 2.9 kwenye zile za dawa bandia. Hao hawakutoka kwa wagonjwa. Ni bakteria waliobebwa na watoto wanaocheza uani. Mtoto huyo akipata nimonia kesho atatibiwa kwa amoksilini, ambayo ni kundi tofauti, kwa hiyo usugu huu haumnyimi tiba moja kwa moja. Tatizo lipo kwingine. WHO imeiweka azithromaisini katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu, na typhoid iliyosambaa Pakistan tangu 2016, ile sugu kwa dawa nyingi, imeiacha kuwa karibu dawa pekee ya kunywa inayotegemewa. Mkiimwaga kila miezi sita kwa nchi nzima, gharama yake hailipwi na mtoto wa leo.

Mleta Mada
Sawa Maabara, lakini mnabishana na ushahidi wa 2018. Twende 2024. Jaribio la AVENIR, Niger tena, lililinganisha njia tatu: kugawia wa mwezi 1 hadi 59, kugawia wa miezi 1 hadi 11 tu (kama WHO inavyosema), na dawa bandia. Walipogawiwa wote, vifo vilishuka kutoka 13.9 hadi 11.9 kwa watoto 1,000 kwa mwaka, yaani asilimia 14. Walipogawiwa wadogo tu, hakukuonekana upungufu wa kutegemewa kitakwimu. Maana yake mwongozo umechagua njia ambayo haikuthibitika na ukaacha iliyothibitika, eti kwa kubana matumizi.

Mpiga Hesabu
Hapo nakuunga mkono. Inaelekea mtoto mchanga ananufaika pia na bakteria kupungua kwa kaka na dada anaolala nao. Lakini soma namba zako vizuri, mkuu: 2 kwa 1,000 ni watoto 500 kwa mwaka kuokoa mmoja, nchi ileile ambayo zamani ilikuwa 200. Asilimia haikubadilika sana. Kilichobadilika ni vifo vya msingi, yaani vya wasiopata dawa. Chanjo na matibabu ya karibu vikizidi, faida ya dawa inazidi kuwa nyembamba, ila usugu hausubiri vifo vipungue.

Mgawaji Dawa
Wakubwa mnazungumza kana kwamba dozi inajifikisha yenyewe mdomoni. Kipimo ni miligramu 20 kwa kilo. Dawa ya maji ikishachanganywa ni miligramu 200 kwa mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 anapata miligramu 160, mililita 4. Chupa ya miligramu 1,200 inatoa mililita 30: watoto saba wa kilo hizo, na kidogo kinabaki. Anayeweza kusimama hupimwa kwa kijiti cha urefu chenye alama za dozi. Asiyesimama lazima mizani.

Makosa ni yaleyale. Unga unaganda chini ya chupa, mtu anatikisa mara mbili tatu na kuanza kumimina: wa kwanza wanapata maji, wa mwisho wanapata uji. Geuza chupa, gonga kitako mpaka unga uachie, tia maji hadi alama, tikisa, kisha tikisa tena kabla ya kila mtoto. Kosa jingine ni kumnywesha anayelia huku kichwa kimelazwa nyuma, atapaliwa. Mkalishe, mpe kidogo kidogo pembeni mwa shavu. Vidonge kwa umri huu hapana. Na walio chini ya mwezi mmoja au chini ya kilo 3.8 waachwe: kwa mtoto wa wiki za mwanzo dawa hii huongeza hatari ya misuli ya mlango wa kutokea tumboni kunenepa na kuziba, akawa anatapika kwa nguvu kila akinyonya.

Mleta Mada
Kwa hiyo kwa Tanzania na Kenya jibu ni hapana?

Daktari wa Watoto
Kwa nchi nzima, hapana. Takwimu za 2022 zinaonyesha vifo vya chini ya miaka mitano ni 43 kwa 1,000 Tanzania na 41 Kenya, karibu nusu ya mstari wa WHO. Kinachobaki kujadiliwa ni maeneo madogo ndani ya nchi ambako vifo bado viko juu. Huko, kama mtagawa, wapewe wa mwezi 1 hadi 59, sampuli za pua na kinyesi zichukuliwe kabla ya mzunguko wa kwanza, na tangu mwanzo kiandikwe kiwango cha vifo ambacho vikishuka hadi hapo ugawaji unasimama.

Maabara
Na kiwango cha usugu ambacho kikifikiwa unasimama vilevile. Bila hicho cha pili sisaini.