Naombeni ushauri: viti viwili vilivyobaki niwape nani?

Habari zenu wakuu. Jumamosi tunakutana marafiki watano, na kila mmoja aje na majina sita ya watu ambao angewaalika chakula cha jioni, walio hai au marehemu, kisha awatetee. Nilidhani ni kazi ndogo. Wiki nzima sasa naandika na kufuta.

Ibn Battuta hakunisumbua. Mtu aliyeondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akazunguka dunia karibu miaka 30, hawezi kuishiwa maneno. Siti binti Saad naye yumo. Aimbe akipenda, ila mimi namtaka anisimulie safari ya Bombay ya 1928 kwenda kurekodi santuri. Marie Curie, yule mwanasayansi, yumo; Wangari Maathai yumo. (Lugha watakayoelewana tuiache kwanza, jamani.)

Kizungumkuti ni Newton na Leibniz. Wanahisabati hawa waligombana hadi kufa kuhusu nani aligundua kalkulasi, lile tawi la hisabati. Nikiwakalisha pamoja, meza itachangamka au itapinduka?

Halafu kuna bibi, mama yake baba. Alifariki kabla sijazaliwa. Ninayo picha yake moja tu, kashika mgongo wa kiti kama anayetaka kuondoka. Nikimtaja, wenzangu watasema nimekwepa mchezo. Lakini kusema kweli, ndiye ningekesha naye.

Sasa nifanyeje: wagomvi wawili, au bibi na mmoja wao? Na akibaki mmoja, yupi?