Primula zangu hazinukii, nimekosea wapi?

MamaNasra, Leicester (Uingereza): Habari zenu. Oktoba nilipanda primula 6 (maua madogo ya bustanini) chini ya ukuta unaotazama kusini, nikitamani harufu ya kunikumbusha asumini za bibi kule Pemba. Machi zimechanua nyekundu na zambarau, maua manene kweli, lakini hata nikiinama pua iguse ua, sisikii kitu. Na moja imenyauka. Kuivuta tu ikatoka haina mizizi.

MkulimaWaUani: Dada, hizo za rangi kali nyingi zimezalishwa kwa ajili ya macho. Tafuta Primula veris: vijiua vya manjano vilivyoinama, hunukia kama aprikoti, hupenda jua na udongo wa chokaa. Primula vulgaris ya mwituni hunukia kwa mbali tu, nayo hutaka unyevu na kivuli chepesi. Hapo ukutani, kwa jua la kiangazi, Julai itakauka.

BabuVyungu: Isiyo na mizizi imeliwa na funza wa fukusi. Fukua: weupe, kichwa cha kahawia, wamejikunja. Mwisho wa kiangazi mwagilia nematodi (vijinyoo vinavyoua funza hao), udongo ukiwa bado na joto.

MamaNasra: Shikamoo Babu. Nimefukua, nimewakuta 11! Kuku wa jirani wamefaidi.