Kanuni za mchezo zikishatolewa bure, mwenyewe anaweza kuzirudisha?

Mtupadadu: Wakuu, hili ni la wanaocheza michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile ya dadu la pande 20. Mwaka 2000 Wizards of the Coast, wenye Dungeons & Dragons, walitoa leseni huria, OGL: chukua kanuni zetu za msingi, tunga kitabu chako, uza, hatukudai kitu. Watu wakaijengea riziki miaka 20 na zaidi. Januari 2023 rasimu mpya ikavuja: leseni ya zamani haitambuliki tena, na anayeingiza zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka akatwe mrabaha hadi asilimia 25 ya kinachozidi hapo. Kwangu huo ni unyang'anyi.

Bwana Hati: Taratibu mkuu. Leseni iliandikwa "ya kudumu". "Isiyobatilika" hukuiona humo. Umejenga kwenye kiwanja cha mtu bila kusoma hati, unamlilia nani?

Mtupadadu: Ryan Dancey, aliyeisimamia leseni hiyo ilipozaliwa, alisema wazi kampuni haina uwezo wa kuifuta.

Bwana Hati: Alisema. Kwenye leseni hakuandika.

Kete Sita: Mnagombea kivuli. Marekani hakimiliki hulinda maandishi, hailindi namna ya kucheza. Kesi ya Baker na Selden ya 1879, iliyohusu utunzaji wa mahesabu, ndiyo msingi wake. Andika kanuni kwa maneno yako, basi.

Mtupadadu: Kwa mwenye wakili, sawa. Kanuni inaishia wapi na maandishi yanaanzia wapi? Jina la uchawi je? Jedwali la silaha? Mtunzi wa kitabu cha kurasa 40 hawezi kwenda mahakamani kuutafuta huo mpaka. Leseni ilimpa usingizi, na usingizi ndio walioutikisa.

Kete Sita: Hapo nakubali. Ila tarehe 27 Januari hiyohiyo walisalimu amri, wakaweka kanuni za toleo la tano la mchezo chini ya Creative Commons, leseni huria ambayo si yao, na hiyo imeandikwa kabisa kuwa haibatiliki. Kwangu kesi imekwisha.

Bwana Hati: Na ORC, leseni huria iliyoanzishwa na Paizo, kampuni shindani yenye mchezo wa Pathfinder? Ile inakulazimisha kanuni ulizobuni juu ya zao nazo uzigawe. Huria gani ya kulazimishana?

Mtupadadu: Unagawa kanuni tu. Wahusika, miji na hadithi vinabaki vyako. Mimi ningechagua hiyo, maana anayekuja baada yangu hatakuta nimefunga mlango nilioingilia.

Bwana Hati: Mimi Creative Commons. Nataja jina lao, naondoka zangu.